Mpimeni kwanza kama anahisi

Katika makala ya tiba ya umeme, penye kisukari mwandishi amepita haraka mno. Mama yangu, mkulima wa huku Runyenjes, alipopata kiharusi tulimpeleka kliniki moja akafanyiwe tiba ya umeme kwenye muundi, ili unyayo uache kuburuzika. Hakuna aliyempima kama ngozi inahisi. Kisukari kilikuwa kimeshaua hisia za mguu ule. Umeme ukaongezwa, mama kanyamaza, maana hakusikia kitu. Pedi moja ilikuwa imekauka na kubanduka pembeni, umeme wote ukajikusanya pale palipogusa. Tulipoitoa tulikuta ameungua, jeraha la ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi. Lilichukua wiki kadhaa kupona.

Baadaye, mjini Meru, mtaalamu mwingine alimfumbisha macho, akamgusa kwa pamba, kisha kwa ncha ya kijiti: “Mama, hapa wasikia?” Akauliza kuhusu kifafa, saratani, damu kuganda mguuni na kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo. Ndipo akawasha umeme kuanzia sifuri, akiupandisha polepole. Jamani, Kenya ina sheria ya wataalamu wa fiziotherapia tangu 2014, inayowataka wawe na leseni. Ombeni kuona leseni kabla mgonjwa hajapanda kitandani.