Simbilisi Hawezi Kuishuhudia Kila Chupa

Mwanafunzi wa bayolojia husoma kwamba chanjo fulani imejaribiwa kwa wanyama, na aghalabu somo huishia hapo. Kwa maoni yangu, sentensi hiyo huficha mengi kuliko inavyoeleza. Yafaa tuulize: ni mnyama gani, amedungwa nini, na hicho alichodungwa kimetoka katika chombo kipi?

Tuchukue dondakoo na pepopunda. Katika maradhi haya, kinachoua hasa ni sumu itolewayo na bakteria. Mnamo mwaka 1923 Gaston Ramon wa Ufaransa alionyesha kwamba sumu ya dondakoo ikichanganywa na formalini na kuwekwa penye joto kwa majuma kadhaa hupoteza makali yake, lakini mwili huendelea kuitambua na kujijengea kinga. Sumu iliyoondolewa makali hivyo huitwa toksoidi. Je, ikiwa sehemu yake imebaki kali? Ndipo ilipoanzishwa desturi ya kuwadunga simbilisi, wale wanyama wadogo wasio na mkia, kiasi kilicho mara tano ya kile apewacho binadamu, na kuwaangalia hata kwa siku 42, maana sumu kidogo ya dondakoo huweza kuleta ulemavu polepole.

Huko Kyoto, nchini Japani, mwaka 1948, watoto 68 walikufa baada ya kudungwa toksoidi ya dondakoo. Chanjo hiyo ilikuwa imepimwa kabla ya kutolewa. Lakini ilitayarishwa katika vyombo mbalimbali, na baadhi ya vyombo hivyo bado vilikuwa na sumu kali; sampuli iliyopimwa haikutoka katika hivyo. Wanyama walijibu kwa usahihi swali waliloulizwa. Aliyekosea ni binadamu aliyechota. Nashangaa kwamba mkasa huu hautajwi sana madarasani, ilhali hakuna mfano bora wa kumfundishia kijana maana ya sampuli.

Uchaguzi wa mnyama nao una uzito wake. Simbilisi hudhurika upesi kwa sumu hizi mbili. Panya, kinyume chake, huistahimili sumu ya dondakoo kwa kiasi cha kushangaza, kwa kuwa chembe hai zake hazina kishikizo kinachoifaa sumu hiyo. Hata hivyo, kwa miongo mingi kanuni zilidai pia jaribio la jumla: panya watano na simbilisi wawili, waangaliwe kwa siku saba, pasipo kujali ni sumu ya bakteria gani inayotafutwa. Mwaka 2018 kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani ilipendekeza jaribio hilo liachwe. Wapo waliohofu kwamba usalama umelegezwa. Mimi siafikiani nao. Kipimo kisicholenga kitu mahsusi humpa mtengenezaji utulivu wa moyo asioustahili, na wanyama hufa bure.

Kinachofaa ni kuuliza kila sumu hufanya kazi gani. Sumu ya dondakoo huzuia chembe kutengeneza protini, nayo chembe hufa. Kwa hiyo yaweza kutafutwa katika chembe za figo ya tumbili zinazooteshwa maabarani, za ukoo ulioanzishwa Japani mwaka 1962. Kwa kifaduro pia, chembe za ovari ya buku wa China hubadili mpangilio wake zikikutana na sumu yake, na kipimo hicho kimechukua nafasi ya panya katika kanuni za Ulaya.

Pepopunda ni ngumu zaidi. Sumu yake hufanya mambo mawili: hujishikiza kwenye neva, kisha hukata protini moja iliyomo ndani yake. Kipimo cha maabara hakina budi kuonyesha yote mawili katika molekuli ileile, kwani nusu ya sumu iliyoharibika haidhuru mtu. Hapo simbilisi bado hajapata mrithi aliyekubaliwa kwa urahisi kila mahali.