Waheshimiwa, chakula cha shule kiko kifungu gani?



Saa saba mchana Bunge linasitisha shughuli zake pale Dodoma na waheshimiwa wanaenda kula. Hatuna neno na hilo. Mtu aliyekaa kwenye kiti tangu saa tatu asubuhi lazima ale. Saa hiyohiyo, kwenye shule nyingi za msingi za mkoa huohuo, watoto wanagawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza limeshika sahani. La pili linazungukazunguka nyuma ya madarasa, kwa sababu nyumbani hawajatoa mahindi au hawajalipa mchango. Wengi wetu tumepita kwenye kundi la pili, hatuhitaji kusimuliwa.

Kuna kamanda atauliza: sisi tunadai Katiba mpya na tume huru, wewe unatuletea habari za uji? Ndiyo, tunaleta. Anayekula na asiyekula shuleni wanaamuliwa na watu waliokaa kwenye vikao vya bajeti, na hao ndio tunaogombana nao kila siku.

Tuanze na karatasi zenyewe. Ada ilipofutwa kuanzia Januari 2016 tulishangilia wote, na ilikuwa haki kushangilia. Ila Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka huohuo ulipogawa majukumu, chakula cha mwanafunzi wa kutwa kiliachwa mikononi mwa mzazi. Mwaka 2021 ukaja mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi. Usomeni, una mambo mazuri. Tatizo la mwongozo ni kwamba hauna pochi.

Upande wa pili serikali imeziambia halmashauri zitenge angalau shilingi 1,000 kwa mwaka kwa ajili ya lishe ya kila mtoto wa chini ya miaka mitano, na imewasainisha viongozi wa mikoa na wilaya mikataba. Jambo jema, japo elfu moja kwa mwaka ni hela ya kununua mayai mawili, ukibembeleza sana matatu. Sasa mtoto huyo anatimiza miaka sita, anavaa sare, anaingia darasa la kwanza. Hapo ndipo anapotoka kwenye hesabu. Jana alikuwa suala la taifa, leo ni suala la baba yake.

Mtu atakwambia kuna ruzuku ya wanafunzi. Ruzuku hiyo ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Siku za masomo ni 194. Gawanya mwenyewe kwenye simu yako: ni kama shilingi 51 kwa siku, na hizo ni za chaki, vitabu, ukarabati na mitihani. Chakula hakimo.

Mnaukumbuka mchele wa Machi 2024? Marekani ilileta mchele ulioongezwa virutubishi kwa ajili ya shule za Dodoma, mitandao ikawaka moto. Waziri wa Kilimo wa wakati ule, Hussein Bashe, akasema wafadhili wangeleta fedha, tukanunua mchele wa wakulima wetu na kuweka virutubishi hapahapa. Kwa hili tunakubaliana naye, na hatuoni aibu kusema. Lakini swali tulilouliza siku ile bado halijajibiwa: kama wakulima tunao na mchele tunao, fedha ya serikali ya kuununua kwa ajili ya shule iko kifungu gani cha bajeti? Mgeni alileta mchele mpaka mkoa linapokaa Bunge kwa sababu wenye nyumba walikuwa hawajanunua.

Kushiba peke yake hakutoshi, na hapa hata sisi wapinzani huwa tunateleza, tunadhani ugali ukijaa sahani kazi imeisha. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Na mikoa iliyoongoza ni ipi? Iringa, Njombe na Rukwa, ambako karibu nusu ya watoto, na Iringa zaidi ya nusu, wamedumaa. Hiyo ndiyo mikoa inayolisha nchi. Magunia yamejaa ghalani na mtoto wa mwenye ghala amedumaa. Kuna sababu nyingi, maji machafu na maradhi yakiwemo, ila mojawapo ni sahani yenye kitu kimoja tu kuanzia Januari mpaka Desemba.

Watoto hao ndio wanaofika darasa la kwanza. Na sisi tunawapokea na nini? Uji mweupe wa sembe na sukari. Mahindi yakikobolewa, pumba na kiini vinabaki mashineni, na humo ndimo kuna madini ya chuma, zinki na vitamini nyingi. Mchana ni makande, siku nzuri maharage yanaonekana, siku mbaya unayatafuta. Mboga ya majani ni bahati. Dagaa wa Ziwa Victoria, ambao wangemaliza nusu ya shida hii, wengi wanaishia kwenye chakula cha kuku. Sokoni viazi lishe vya rangi ya chungwa vipo, karanga zipo, mchicha unaota hadi kwenye mitaro. Shuleni hakuna mtu aliyepewa kazi ya kuvinunua.

Mtu asiruke tu kusema "pikeni dona" halafu akaondoka. Mzazi mmoja analeta debe la mahindi makavu, mwingine analeta yaliyonyeshewa, yote yanamwagwa pamoja kwenye stoo au ofisi ya mwalimu, na hakuna anayepima. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Kwa hiyo anayetaka dona shuleni atupe na stoo yenye chaga, turubai la kuanikia na afisa wa kupima. Hizo nazo ni fedha za bajeti.

Nje ya geti tusiongee sana. Ubuyu wa rangi, barafu za juisi ya unga, chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta ya juzi. Mama anayeuza pale anatafuta riziki, tusimfukuze kwa mgambo. Mwambieni auze mihogo ya kuchemsha, ndizi na matunda, mpeni na sehemu safi yenye kivuli.

Majirani wamefika wapi? Nairobi, tangu 2023, kaunti na wadau wanapika kwenye majiko makubwa ya pamoja, mtoto anagusisha bangili yake na analipa shilingi 5 za Kenya kwa mlo. Rwanda chakula cha shule kimefika mpaka sekondari, serikali inabeba mzigo mkubwa, na mzazi wa shule ya msingi anachangia faranga 975 kwa muhula. Rwanda si tajiri kuliko sisi. Brazili mwaka 2009 walipitisha sheria kwamba angalau asilimia 30 ya fedha ya chakula cha shule inayotoka serikali kuu inunue kwa wakulima wadogo. Hebu fikiria sheria hiyo Kyela au Kilombero.

Sasa kwenu waheshimiwa. Tuna vinyongo vyetu na namna wabunge wengi walivyoingia humo ndani mwaka 2020, na hatujavisahau. Lakini mkono unaopitisha bajeti ni wenu, kwa hiyo tunawaambia ninyi. Wabunge, Bunge la Bajeti lisipite bila kifungu cha chakula cha shule chenye jina lake na tarakimu zake, na fedha hiyo inunue unga wenye virutubishi, maharage, mafuta na mboga kutoka kwa wakulima wa wilaya husika. Waraka ubadilishwe: mzazi mwenye uwezo achangie, lakini mtoto asinyimwe sahani kwa deni la mzazi. Madiwani, ile elfu moja msiikatie kwenye miaka mitano, ifuateni mpaka darasa la saba kutoka kwenye mapato yenu ya ndani. Mnaweza. Fedha za semina huwa hazikosekani.

Na sisi vijana tusibaki kupiga makofi mtandaoni. Vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa wananchi, nenda ukakae. Kabla ya hapo mfuate diwani wako, awe wa kwetu au wa kijani, umuulize mambo mawili: shule za kata yetu zina watoto wangapi wasiokula mchana, na halmashauri imetenga shilingi ngapi kwa ajili yao mwaka huu. Akijibu, andika jibu lake na jina la kata, ulete hapa tulichapishe. Akikataa kujibu, lete hivyohivyo.