Mvua ya London ni Kidogo Kuliko Yetu

Ndugu wanaushirika,

Katika mkutano uliopita ndugu yetu mmoja alisimama akasema haoni sababu ya kuchangia mota mpya ya kisima. Eti nchi maskini hazina maji kwa kuwa Mungu ndivyo alivyogawa, basi tusubiri mradi. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, na leo naeleza kwa nini.

Hilo la Mungu tuliondoe kwanza. London inapata mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka. Sisi wa Dar es Salaam tunapata zaidi ya 1,000. Sasa mbona mwenye mvua nyingi ndiye anayesukuma mkokoteni wa madumu?

Wale nao walikuwa kama sisi. Katikati ya karne ya 19, maji ya London yaliuzwa na makampuni, na mitaa ya maskini ilifunguliwa bomba la nje kwa saa chache tu. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu waliokaa karibu na pampu moja ya Broad Street, kwa kuwa uchafu wa choo ulikuwa umeingia kisimani. Daktari John Snow akawashauri wakubwa wa mtaa waung'oe mkono wa pampu ile. (Wenye visima vifupi kando ya choo cha shimo, someni hapo mara mbili. Kipindupindu cha Agosti 2015 kilianzia papa hapa Dar es Salaam.) Baadaye wakajenga mifereji ya majitaka ya mji mzima, na sheria ya mwaka 1902 ikayaweka makampuni yale chini ya bodi moja ya umma. Tajiri na maskini wakawa wanakunywa bomba moja, na wanalilipia pamoja.

Si kwamba matajiri hawana shida ya maji. Wanayo, ila ni ya namna nyingine. Mwaka 2014 mji wa Flint, huko Marekani, ulianza kutumia maji ya mto wake bila kuyatia dawa ya kuzuia kutu, na risasi iliyomo ndani ya mabomba ya zamani ikaingia kwenye maji ya kunywa ya watoto. Uingereza nayo, karibu sehemu moja kati ya tano ya maji yaliyosafishwa huvujia ardhini. Kwa hiyo wao wanauliza: bomba letu lina nini ndani, na nani atalipa kulibadilisha? Sisi tunauliza: bomba liko wapi?

Liko wapi basi? Mitambo mikubwa ya mji huu iko Ruvu, Ruvu Juu na Ruvu Chini, na huu wa Chini ulijengwa mwaka 1976. Yote iko upande mwingine kabisa wa mji. Sisi wa Mbagala na Chamazi tuko mkiani. Oktoba 2022 mto Ruvu ulipopungua, hata wenye bomba walipata mgao. Novemba ile visima virefu vya Kigamboni vikaanza kusukuma maji, na hilo tunashukuru, lakini mkia ni mkia.

Na mkiani ndiko kwenye bei kubwa. Piga hesabu mwenyewe. Dumu la lita 20 nimelinunua kwa shilingi 300, na siku mbaya 500. Uniti moja ni madumu 50, yaani shilingi 15,000 kwa bei ya chini. Mwenye bomba nyumbani uniti hiyohiyo haimfikii hata robo ya hizo. Maskini wa Chamazi anakunywa maji ghali kuliko tajiri wa Oysterbay!

Wazee wanakumbuka mpango wa maji vijijini wa miaka 20 ulioanza mwaka 1971. Ahadi ilikuwa kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji apate maji ndani ya mita 400. Visima vilichimbwa, pampu zikafungwa, maji yakatoka, tena bure. Halafu dizeli ikaisha. Spea hazikupatikana. Serikali haikuwa na fedha, kijiji hakikuwa na mfuko, na pampu nyingi zikabaki vyuma tu. Nia haikuwa mbaya. Ila hakuna aliyejibu swali la nani atanunua mota ya pili.

Nakubali kuna uonevu hapa. Hakuna mama wa London anayeitwa mkutanoni kuchangia mota. Kule hazina ya wote ndiyo iliyojenga, huku maskini ndiye anayeambiwa ajitegemee. Wenzetu waliohamishwa Kurasini kupisha bandari, wakaunda ushirika wa nyumba na kuja kujenga hapa Chamazi, ilibidi wafikirie kisima na majitaka yao wenyewe. Kwa hiyo tuendelee kuidai DAWASA bomba kubwa, tena kwa barua yenye majina yetu wote. Lakini tukiacha kisima kife huku tunasubiri, nani atatuuzia maji? Ni yule yule wa boza, na bei atapanga yeye.

Ndugu aliyesema tusubiri ni rafiki yangu, na ninajua mwanawe ndiye anayeamka saa kumi usiku kwenda foleni. Amwulize mtoto kwanza.

Mkutano ni Jumamosi saa nne asubuhi. Mweka hazina aje na daftari la kisima tulisome hadharani, jina kwa jina. Jina langu litasomwa na deni la miezi miwili. Nitalilipa hapo hapo.