Tusiwasingizie Mahujaji wa Gaumukh

Umezuka mtindo miongoni mwetu, wasomi tuishio ughaibuni. Mtu hupanda milima ya Himalaya hadi Gaumukh, yaani kinywa cha ng'ombe, pale mto Bhagirathi unapochomoka chini ya barafu ya Gangotri kwenda kuwa Ganga, kisha hurudi na insha ya maombolezo. Kuomboleza si kosa. Kosa ni mshitakiwa anayeteuliwa. Katika insha hizo mwenye hatia huwa hujaji wa Kihindu: bibi mkongwe mwenye kandambili na chupa ya plastiki ya kutekea maji, anayejitosa katika baridi kali huku akimwita Mama Ganga. Tunaambiwa kuwa anaiyeyusha barafu anayoitukuza.

Na tufanye hesabu, japo sisi watu wa fasihi hatuipendi. Kutoka kijiji cha Gangotri hadi Gaumukh ni mwendo wa kilomita 18 hivi, na hakuna aendaye bila kibali. Vibali havizidi 150 kwa siku. Hekalu la Gangotri hufunguliwa Aprili au Mei na kufungwa wakati wa Diwali. Hata vibali vyote vikichukuliwa kila siku, msimu mzima hauzidi sana watu 30,000. Hao ndio, kwa nyayo zao na maombi yao, waishinde barafu yenye urefu wa takriban kilomita 30?

Mwaka 1935 mwanajiolojia John Auden, kaka yake mshairi W. H. Auden, aliichora ramani ncha ya barafu hiyo. Tangu hapo imerudi nyuma zaidi ya kilomita moja. Joto linaloirudisha halikuwashwa na ubani wa mahujaji.

Simtakasi hujaji kwa kila jambo. Njiani pana mahali paitwapo Bhojbasa, jina litokanalo na mti wa bhojpatra, ambao gome lake lilikuwa karatasi ya miswada ya kale ya India. Miti hiyo ilikatwa sana kuwa kuni za kupikia chai na kuwapasha moto wapitao, na leo mtu hukaa Bhojbasa akiitafuta kwa macho. Sisi tunaoishi kwa miswada hatuna budi kuumia, na ukomo wa vibali nauunga mkono kwa dhati. Lakini kukata mti ni jambo moja, na kuyeyusha mlima ni jambo jingine. Anayeyachanganya anatafuta mtu dhaifu wa kumtwika mzigo.

Tena ibada hiyo tunayoidharau imewahi kusimama pale elimu yetu ilipokaa kimya. G. D. Agrawal alikuwa profesa wa uhandisi wa mazingira, msomi kama sisi, mwenye shahada ya uzamivu kutoka Marekani. Uzeeni akavaa nguo za utawa. Alifunga kula mara kadhaa kupinga mabwawa ya umeme kwenye Bhagirathi, na mwaka 2010 serikali ikaufuta mradi wa Loharinag Pala, uliokwisha kuanza kujengwa. Oktoba 2018 alifariki baada ya kufunga siku 111 akidai Ganga aachwe atiririke. Mwaka mmoja kabla, Mahakama Kuu ya Uttarakhand ilikuwa imetangaza kuwa mto huo, na hata barafu yenyewe, ni nafsi mbele ya sheria. Miezi michache baadaye Mahakama ya Juu ikaisimamisha hukumu ya mto. Nionyeshwe insha yetu moja iliyomgharimu mwandishi wake walau chakula cha mchana.

Tunaandika kutoka Muscat, ambako mafuta yanalipa mishahara na viyoyozi havizimwi; tunaandika kutoka London na Minneapolis, tukiwa na tiketi ya safari ijayo mfukoni. Moshi wetu hauonekani pale Gaumukh. Chupa ya bibi inaonekana, na inapigika picha vizuri.

Nami nilipanda ndege tatu hadi Dehradun, kisha gari siku mbili. Katika insha yangu ya kwanza kuhusu safari ile sikuzitaja ndege hizo hata kwa neno moja. Chupa ya bibi niliipa aya nzima.