Septemba mbili za Mwakinyo: kwa nini bondia mgeni huanza pambano akiwa nyuma

Kila Hassan Mwakinyo anapotangaza pambano, mitandao ya Tanzania hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linakumbuka Birmingham. La pili linakumbuka Liverpool. Wote wana ushahidi wa video, na wote wanaurusha kwenye magrupu ya WhatsApp kuanzia Tanga hadi Kenyamonta, wilayani Serengeti, ambako kijana wa bodaboda mwenye bando la siku anaweza kuzitazama zote mbili akiwa kijiweni anasubiri abiria.

Ukizitazama moja baada ya nyingine, unaweza kudhani ni watu wawili tofauti. Huyu shujaa, yule mwoga. Ndiyo maana ubishi hauishi: kila upande unabishana kuhusu moyo wa mtu. Lakini kazi ya Mwakinyo inaeleweka vizuri zaidi ukiuliza swali la kibiashara: pambano hili ni la nani?

Birmingham: msindikizaji aliyeharibu shughuli

Septemba 8, 2018, Waingereza walijaa ukumbini Birmingham kumwona Amir Khan akizichapa na Samuel Vargas. Kwenye mapambano ya utangulizi aliwekwa Sam Eggington, mtoto wa maeneo hayohayo, ambaye alishawahi kushika mikanda ya Uingereza, Jumuiya ya Madola na Ulaya katika uzito wa welter. Eggington alikuwa anajijenga upya kwenye uzito wa juu kidogo, super welter. Alihitaji mtu wa kupigana naye. Akaletwa Mwakinyo.

Katika ngumi za kulipwa, bondia anayeletwa namna hiyo ana kazi inayojulikana. Anatakiwa awe na rekodi inayosomeka, avumilie raundi kadhaa, apoteze, achukue hela yake na apande ndege. Kwa Kiswahili cha mtaani huyo ni msindikizaji. Hakuna anayemwambia apoteze. Hahitaji kuambiwa, kwa sababu kila kitu kimeshapangwa kumwelemea: ukumbi wa mwenzake, mashabiki wa mwenzake, promota wa mwenzake, na safari ndefu kabla ya kupima uzito.

Mwakinyo akavuruga hesabu. Raundi ya pili tu, Eggington alikuwa anarushiwa makonde bila majibu na mwamuzi akamaliza pambano. TKO.

Kwenye orodha ya mtandao wa BoxRec, Mwakinyo akaruka kutoka nafasi ya 174 duniani hadi ya 16 katika uzito wa super welter. Namba hiyo ilisambaa nchini kuliko hata video yenyewe, na hapo ndipo matarajio yalipoanza kupotoka. Wengi walielewa kwamba sasa jamaa yuko watu 15 tu kutoka kwenye ubingwa wa dunia.

Sivyo inavyokwenda. BoxRec ni tovuti ya takwimu. Inatoa pointi kwa hesabu: ukimpiga mwenye pointi nyingi unapanda, ukikaa bila kupigana unashuka. Haina mkanda wowote na haimlazimishi bingwa yeyote apigane na wewe. Mikanda mikubwa ya dunia iko kwa mashirikisho manne, WBA, WBC, IBF na WBO, na kila moja lina orodha yake ya wapinzani 15 wanaoweza kupewa nafasi. Kuingia kwenye orodha hizo kunahitaji ushindi, sawa, lakini kunahitaji pia mikanda ya kanda ya shirikisho husika na promota anayejua mlango wa kugonga. Mwakinyo alikuwa na ushindi. Vingine vyote ilibidi viundwe kuanzia sifuri.

Alipokuwa mwenyeji

Miaka mitatu iliyofuata ilikuwa mizuri. Machi 2019 alimmaliza Muargentina Sergio Gonzalez jijini Nairobi, usiku ambao Fatuma Zarika alikuwa anatetea mkanda wake wa WBC. Novemba mwaka huohuo alimshinda Mfilipino Arnel Tinampay kwa pointi kwenye Uwanja wa Uhuru, pambano gumu lililoacha watu wakibishana. Novemba 2020 akamkalisha Jose Carlos Paz, naye wa Argentina.

Halafu ikaja Septemba 3, 2021. Julius Indongo wa Namibia alitua Dar es Salaam akiwa na jina kubwa: aliwahi kuwa bingwa wa dunia wa IBF na WBA, na mwaka 2017 aligombea mikanda yote minne na Terence Crawford kule Marekani. Mwakinyo alimmaliza raundi ya nne.

Ushindi halali kabisa. Ila itazame karatasi. Indongo alikuwa bingwa kwenye kilo 63.5. Dar es Salaam alikuja kupigana na mtu wa karibu kilo 70, umri ukiwa umeshasogea, miaka minne baada ya kupigwa KO na Crawford. Jina lake lilikuwa kubwa kuliko hatari yake. Kwa maneno mengine, usiku ule Indongo alikuwa kwenye kiti alichokalia Mwakinyo kule Birmingham, na safari hii shughuli haikuharibika.

Hilo si la kumlaumu bondia wala promota. Ndivyo mabondia wanavyojengwa kila mahali, iwe London au Las Vegas. Tatizo ni kwamba ngazi yetu ina vipandio vichache. Kutoka kumpiga bingwa wa zamani aliyechoka, kipandio kinachofuata kinapaswa kuwa mtu wa kati: kijana mkali, hajulikani sana, yuko nafasi ya 20 au 30. Mtu wa namna hiyo ni ghali kumleta Dar, na jina lake haliuzi tiketi. Kwa hiyo anarukwa.

Liverpool

Mwaka mmoja kamili baadaye, Septemba 3, 2022, Mwakinyo alikuwa Liverpool. Mpinzani ni Liam Smith, mzaliwa wa jiji hilohilo, bingwa wa zamani wa dunia wa WBO kwenye super welter, mtu aliyepoteza mkanda wake kwa Canelo Alvarez mwaka 2016 mbele ya umati mkubwa Texas. Smith hakuwa Eggington. Ni bondia asiye na haraka, anayekusogelea taratibu huku akipiga mbavu, na anajua kusoma mtu.

Raundi tatu zilikwenda. Ya nne, Mwakinyo akapiga goti, pambano likaisha kwa TKO. Baadaye alieleza kwamba begi lenye vifaa vyake, viatu vikiwemo, lilipotea safarini, akapigana na viatu visivyomkaa, na kifundo cha mguu kikaumia. Mitandao haikumwelewa. Ndani ya saa chache viatu vilikuwa utani wa taifa zima.

Tuseme maelezo yake ni ya kweli. Tuseme pia kwamba ni kisingizio. Katika hali zote mbili swali la msingi linabaki: bondia wa kiwango hicho, kwenye pambano kubwa kuliko yote maishani mwake, alikuwa na timu ya kiasi gani kiasi kwamba begi moja likipotea hakuna jozi ya pili ya viatu alivyovizoea? Smith alitoka nyumbani kwake. Vifaa vyake, kocha wake, chakula chake, daktari wake, vyote vilikuwa jirani. Mwakinyo alibeba kambi yake kwenye masanduku.

Waganda wawili, Watanzania wawili

Ukanda huu umewahi kutoa mabondia wa uzito huu waliofika juu kabisa, na njia waliyopita inafundisha jambo. Ayub Kalule wa Uganda alitwaa ubingwa wa dunia wa WBA mwaka 1979 na kuushikilia hadi alipokutana na Sugar Ray Leonard mwaka 1981. John Mugabi, yule aliyeitwa 'The Beast', alipanda ulingoni na Marvin Hagler Las Vegas Machi 1986 akiwa hajawahi kupoteza na akiwa amewamaliza kwa KO wapinzani wake wote. Hagler alimzima raundi ya 11. Mwaka 1989 Mugabi akawa bingwa wa WBC super welter.

Kalule aliishi na kufanyia kazi Denmark. Mugabi alikuwa chini ya promota wa Uingereza, Mickey Duff. Walihamia kule mapambano yanakopangwa, wakawa wenyeji wa kulea, na walipopewa nafasi kubwa walikuwa wameshapanda ngazi nzima wakiwa chini ya watu wanaomiliki tarehe na kumbi.

Watanzania walibaki nyumbani. Titus Simba (bondia, siyo klabu) alipata medali ya fedha ya uzito wa kati kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh 1970, akishindwa fainali na John Conteh, kijana wa Liverpool. Ndiyo, Liverpool tena. Conteh akageukia ngumi za kulipwa na mwaka 1974 akawa bingwa wa dunia wa WBC kwenye uzito wa juu zaidi. Simba akaenda Olimpiki ya Munich mwaka 1972, akiwa bado bondia wa ridhaa.

Francis Cheka wa Morogoro naye alimpiga Mmarekani Phil Williams ukumbi wa Diamond Jubilee, Agosti 2013, akachukua mkanda wa WBF, shirikisho ambalo halimo kwenye yale manne. Kabla mwaka haujaisha akaenda Urusi kama mgeni, akachapwa na Fedor Chudinov, ambaye mwaka 2015 alikuwa bingwa wa WBA. Hadithi ileile, miaka mitano kabla ya Mwakinyo kutajwa.

Kijana wa Mara anaingia wapi?

Watu wa Mara wamebandikwa sifa ya ubabe muda mrefu, kiasi kwamba kuna wanaoamini Tarime na Serengeti zingepaswa kujaa mabondia. Sifa hiyo haina kazi ulingoni. Uzito wa kati unaishia kilo 72.57, super welter kilo 69.85. Huo ndio uzito wa mwanaume wa kawaida mwenye afya, popote duniani, na kwa sababu hiyo ndiko kwenye msongamano mkubwa. Ubabe kila mtu anao. Kinachokosekana ni mapambano 30 au 40 ya ridhaa kabla ya kulipwa, na hayo hayapatikani Kenyamonta. Kwa kijana wa kule, njia inapita Mugumu, Musoma, Mwanza, na mwisho Dar es Salaam, kila kituo akijitafutia pa kulala. Anayebaki ana mashamba, mifugo, bodaboda, au kubahatisha kwenye dhahabu ya Nyamongo.

Akifika huko mbali na kuitwa Uingereza, kitakachotangulia ni makaratasi: viza, vipimo vya damu, picha ya ubongo ya MRI, kibali kutoka kwa TPBRC, kamisheni inayosimamia ngumi za kulipwa nchini. Na mkataba. Mkataba ndio ambao mabondia wengi husoma kipengele kimoja tu, kile cha hela.

Kipengele ambacho hakikusomwa

Angalia kilichompata Liam Smith baada ya kumshinda Mwakinyo. Januari 2023 alipanda uzito wa kati na kumpiga Chris Eubank Jr raundi ya nne, jijini Manchester. Eubank alikuwa ameangushwa mbele ya nchi nzima. Lakini mkataba wake ulikuwa na kipengele cha marudiano, akakitumia, na Septemba 2, 2023 akamrudishia Smith kipigo raundi ya 10. Aliyeshindwa alikuwa na karatasi ya kumrudisha ulingoni, na wote wawili walilipwa mara mbili.

Mwakinyo alipotoka Liverpool hakukuwa na marudiano. Alirudi Dar, Aprili 2023 akashinda pambano, na mwishoni mwa Septemba mwaka huo alitakiwa kupanda tena ulingoni nyumbani. Hakupanda. Alisema makubaliano yamevunjwa, ikiwemo mpinzani kubadilishwa. Kamisheni haikumkubalia: ikamfungia mwaka mmoja na kumtoza faini ya Sh1 milioni.

Mashabiki waligawanyika tena, Birmingham na Liverpool kama kawaida. Wachache waliuliza mkataba ulisema nini kuhusu mpinzani akibadilika, nani alikuwa na haki ya kukataa, na ndani ya siku ngapi. Kwenye mkataba mzuri hayo huandikwa kabla bango halijachapishwa, na bondia huwa na mtu wa kumsomea ambaye halipwi na promota.

Januari 2024 Mwakinyo alipanda ulingoni Unguja, kisiwa ambacho ngumi zilikuwa zimepigwa marufuku tangu miaka ya baada ya Mapinduzi na kurudishwa mwaka 2023 tu. Uwanja ulijaa. Kwa Wazanzibari wengi ilikuwa mara ya kwanza kuona bondia wa kiwango chake bila kuvuka bahari, na usiku huo, kwa mara nyingine, mgeni alikuwa yule wa kona ya pili.