FUNDI WA NYUMBANI: Kikuza Sauti cha Gitaa na Waya Uliokatwa



Katika kota nyingi za askari hukosi kulikuta gitaa la umeme. Hupigwa kanisani siku ya Jumapili, katika harusi na katika sherehe za kuwaaga wastaafu. Pamoja na gitaa huwapo kikuza sauti, ambacho mafundi hukiita amplifaya. Juma hili twapenda kuzungumzia matunzo ya chombo hicho, kwa sababu ya yaliyompata kijana mmoja.

Baba wa kijana huyo, ambaye ni askari, alinunua amplifaya iliyokwisha kutumika huko Kikuubo, Kampala, ule mtaa wa biashara wenye msongamano ambao jina lake kwa Kiganda lina maana ya ujia mwembamba. Chombo kilikuwa kikivuma mfululizo. Fundi mmoja akaifungua plagi, akaukata waya wa ardhi, na mvumo ukatoweka. Wote wakafurahi. Siku ya mazoezi ya kwaya, kijana akiwa ameshika nyuzi za gitaa, midomo yake iligusa maikrofoni. Alipigwa na umeme akaanguka. Mama yake hakumshika, bali alikimbilia swichi ya ukutani na kuizima. Kwa busara hiyo mwanawe yu hai.

Waya wa ardhi ni ule wenye rangi ya kijani na manjano, nao hufungwa kwenye mguu mrefu wa plagi ya miguu mitatu. Iwapo waya wa moto umegusa bodi ya chuma ndani ya amplifaya, waya huo huupeleka umeme ardhini, na fyuzi ikaungua. Ukikatwa, bodi hubaki na volti 240. Na kwa kuwa nyuzi za gitaa zimeungana na bodi, mpigaji huzishika volti hizo mkononi. Akigusa maikrofoni, mwili wake huwa ndio njia ya umeme. Kwa hiyo mvumo si sababu ya kuukata waya wa ardhi. Mvumo ni dalili, na dalili hutafutiwa chanzo.

Kukitafuta si kazi ngumu. Chomoa gitaa. Mvumo ukikoma, kosa liko katika gitaa au waya wake. Jaribu waya mwingine. Ukiendelea hata sauti ikipunguzwa kabisa, yaelekea kapasita za kuchuja umeme zimechoka, na hapo apelekewe fundi. Usifungue chombo mwenyewe, hasa kile cha valvu: kapasita zake huweza kuhifadhi volti 300 hadi 500 hata baada ya plagi kuchomolewa.

Yafuatayo yaweza kufanywa nyumbani, plagi ikiwa imechomolewa:

1. Soma kibao cha nyuma. Amplifaya zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hutaka volti 120, na za Japani 100. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye volti 240 itaungua.

2. Tazama fyuzi. Amplifaya ya wati 100 huvuta takriban nusu ampea. Basi fyuzi ya ampea 3 katika plagi yatosha, wala haihitaji ile ya 13. Fyuzi ya nyuma ya chombo irudishwe ya kiasi kile kile kilichoandikwa. Karatasi ya sigara si fyuzi.

3. Kaza nati ya tundu la gitaa. Ikilegea, lehemu ya ndani hupasuka na sauti hukatikakatika.

4. Vifundo vikikwaruza, vizungushe mara ishirini hivi kwenda na kurudi. Visipopona, fundi avipulizie dawa ya kusafishia swichi. Mafuta ya kupikia hayafai kabisa.

5. Heshimu omu za spika. Chombo kilichoandikwa omu 8 kisifungwe spika ya omu 4. Amplifaya ya valvu isiwashwe bila spika, kwani transfoma yake huweza kuungua.

6. Pangusa vumbi, acha nafasi ya hewa nyuma, na wakati wa masika inua chombo kutoka sakafuni. Umeme ukikatika, kizime. Usikiwashe mpaka umeme uliorudi umetulia.

Kuhusu fundi, msidharau fundi wa redio. Leo Fender wa California, ambaye jina lake lipo kwenye amplifaya nyingi, alifungua duka la kutengeneza redio mwaka 1938 kabla ya kuunda vyombo vya muziki. Lakini kazi ikiisha, mwombe fundi jambo moja mbele yako: plagi ikiwa imechomolewa, aweke ncha moja ya mita kwenye mguu mrefu na nyingine kwenye bodi ya chuma. Mita ionyeshe karibu na sifuri. Isipoonyesha hivyo, usilipe wala usikibebe chombo.

Askari huikagua bunduki yake kabla ya zamu, hata katika amani. Chombo ambacho mtoto wako atakishika kwa mikono yake kinastahili ukaguzi uo huo. Amplifaya ya kijana wetu imetiwa plagi mpya na kapasita mpya, na haivumi tena; na waya wake wa ardhi uko mahali pake.