Daftari la Wiki: Mboji ya Nasushiobara

Asian Rural Institute ni chuo kidogo cha kilimo hai mjini Nasushiobara, mkoa wa Tochigi, kaskazini mwa Tokyo. Kilianzishwa mwaka 1973 na mchungaji Toshihiro Takami, aliyetunukiwa Tuzo ya Ramon Magsaysay mwaka 1996. Kuanzia Aprili hadi Desemba hupokea wanafunzi kutoka Asia na Afrika, Wakenya na Watanzania wakiwamo, wa dini mbalimbali. Wengi wao tayari ni viongozi vijijini kwao.

Masomo mengi ni ya mikono. Wanafunzi na walimu hulisha nguruwe na kuku, hupalilia, kisha hupika walichovuna. Aliyezoea vyuo ambako jembe hushikwa na kibarua na mwanafunzi hushika daftari, huchukua muda kuzoea.

*

Mbolea inayovuma huko ni bokashi. Pumba za mpunga, samadi ya kuku, udongo na mkaa wa maganda ya mpunga huchanganywa na maji kiasi, mpaka mchanganyiko ukifinywa kiganjani ushikane bila kuchuruzika. Vijidudu vikianza kazi, rundo huchemka. Lisipogeuzwa kwa koleo, joto hupita nyuzi 60 na kuua vile vinavyohitajika. Huiva kwa wiki chache, ilhali mboji ya kawaida huchukua miezi.

Kikwazo ni pumba. Afrika Mashariki pumba ni chakula cha mifugo na huuzwa kwa gunia. Aliyekariri vipimo vya Kijapani atakwama. Aliyeelewa kwamba pumba zimewekwa ili kuvilisha vijidudu atajaribu pumba za mahindi, au molasi akiwa karibu na kiwanda cha sukari.

*

Mbinu nyingine ya Kijapani ni kufuga bata katika majaruba ya mpunga, iliyoenezwa na mkulima Takao Furuno wa Fukuoka kuanzia 1988. Bata hula magugu na wadudu, huvuruga maji na kuacha samadi. Mpunga ukitoa masuke, bata huondolewa, la sivyo watakula mavuno.

*

Somo zito zaidi halikupangwa na mwalimu yeyote. Machi 2011, tetemeko na tsunami viliharibu kinu cha nyuklia cha Fukushima, na seziamu ikapeperushwa hadi kaskazini mwa Tochigi. Shamba lililokuwa halijaguswa na dawa za viwandani likawa na sumu iliyotoka angani. Majani makavu ya msituni, malighafi ya mboji kwa vizazi, ndiyo yaliyoikusanya zaidi. Chuo kikaanza kupima mionzi katika mazao yake na ya majirani. Ilisaidia kujua kwamba soya ikikamuliwa, seziamu hubaki kwenye mashudu na mafuta hutoka safi. Hata hivyo nguvu ya seziamu-137 hupungua kwa nusu tu kila baada ya miaka 30 hivi.

*

Anayerudi Afrika Mashariki hukuta viwango vya pamoja vya kilimo hai, vilivyopitishwa mwaka 2007, pamoja na nembo ya Kilimohai. Cheti cha kuuza Ulaya hugharimu fedha ambazo mkulima wa ekari moja hana. Kwa soko la ndani upo ukaguzi shirikishi: wanakikundi hutembeleana mashambani, hukagua ghala na jinsi kinyesi cha ng'ombe kinavyohifadhiwa, na anayepulizia dawa kwa siri hujulikana mapema, kwa sababu jirani huiona pampu mgongoni mwake.